Daftari la Jumamosi ya Kwanza

Darubini ni moja, sisi ni saba.
Ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa viatu.
Mmoja anaipokea, anatazama, anasema "aa,"
na sita tuliobaki tunaingoja hiyo "aa" itupe jina.

Tunatoka Ngamiani saa kumi na moja, baiskeli hazina taa.
Mhina Shekivuli mbele; kengele yake ameifunga kitambaa
isije ikatutangulia kuwapa ndege habari zetu.
Nyuma kabisa ni mimi, daftari kifuani.
Miaka ishirini na miwili nilipima mkonge kwenye mizani ya kiwanda,
kwa hiyo walisema: hesabu mpeni Mwanaharusi.

Vuli. Maji ya Sahare yamekupwa hadi mbali.
Sululu wameingia usiku bila hodi,
wenye jina moja na chombo cha kuvunjia mwamba,
midomo imepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Wamechoka. Wamesimama tu topeni, hawali.
Mia moja na kumi na wanne.
Nahesabu tena: mia moja na tisa.
Naandika zote mbili.
Gunia halibishaniwi, linarudishwa mizanini.

Kaskazi tunahamia kwenye majaruba ya chumvi.
Saa tatu tu, na weupe unachoma macho.
Heroe kumi na saba, vichwa chini, kama watu waliodondosha pete.
Kisha ugomvi: kidege kinachokimbia ukingoni,
Kaniki anasema kitwitwi, Bi Mwanamtama anasema chamchanga,
mmoja kalelewa Pangani, mwingine Moa,
na kila mmoja anamtaja bibi yake kama shahidi.
Kidege hakikungoja hukumu.

Kunguru hatuwaandiki. Tulipiga kura.

Masika hakuna aonaye. Kioo kimeota ukungu,
tumejibanza barazani kwa shule moja ya Chumbageni,
maandazi yamelowa, tunayala hivyo hivyo.
Kichakani dudumizi anateremsha sauti yake
kama anayemimina maji mtungini na mtungi unakaribia kujaa.
"Wawili," akasema Mhina. "Wa pili yuko nyuma ya choo."
Tulikwenda kuangalia. Alikuwa nyuma ya choo.
Ndipo nikakumbuka
kwamba Mhina huipokea darubini na kuipitisha upesi mno,
"aa" yake haina jina,
na tangu mwaka jana hakuna ndege aliyemwandikisha kwa macho.
Sikusema. Nilichora safu mpya daftarini, nikaiita Kwa Sikio.

Kipupwe. Tumevaa masweta, tunajidanganya kuwa ni baridi.
Tope ni tupu; wageni walishakwenda zao tangu mwezi wa nne.
Lakini pale kwenye mikoko, kumi na mmoja.
Sululu, mwezi wa saba!
Kaniki, anayesoma vitabu, akatufahamisha:
hao ni vijana, hawajakomaa kutaga,
mwaka wao wa kwanza hubaki hapa hapa
wakila, wakinenepa, njia ya kwao wameiacha kwanza.
Bi Mwanamtama akaichukua darubini, akakaa nayo.
Mwanawe Sefu kamaliza kidato cha nne mwaka juzi,
na hadi leo huamka saa nne.
"Kumbe," akasema. Akarekebisha kioo. "Kumbe hata hawa."
Hakuna aliyecheka.
Zamu yangu ilipita, na ya Kaniki, hatukuidai.

Na sasa vuli nyingine, mwezi wa tisa unaishia.
Giza bado, minyororo ya baiskeli inalia mchanga.
Mhina ameinua mkono, tumesimama wote, mguu mmoja chini.
Tunatazama: hakuna kitu. Kijivu juu ya kijivu.
"Wamefika," anasema,
na baada ya muda, kutoka mbali sana,
firimbi fupi fupi, mfululizo, nahesabu, saba.
Naandika kwa kupapasa:
sululu, idadi bado, saa kumi na mbili kasorobo,
safu ya Mhina.
Darubini iko shingoni mwa mtu fulani.
Hakuna anayeiulizia.