Mpini

Kwanza nilikwenda nayo kituoni, nimeifunga kwenye kanga.
Koplo akachungulia mtutu: umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa,
risasi pekee itakayokaa humo.
"Hii ni sanamu, mzee. Haiui hata inzi. Kapambe sebule."
Akagonga muhuri. Karatasi nikaiweka ndani ya Biblia,
kwenye Waamuzi,
maana ndipo ilipofunguka.

Ni mfano wa bastola ya kale, ya kushindilia baruti,
matundu sita, nyundo yenye pua kama ya kanga dume.
Daktari wa Mvumi aliniachia alipofungasha kurudi kwao:
malipo, alisema, ya jenereta niliyomfufulia mara nne.
Mimi, fundi wa karakana ya reli miaka thelathini na moja,
nilitarajia fedha.
Nikapokea chuma.

Na mpini wake wa plastiki!
Plastiki ya rangi ya chai ya maziwa, imechorwa mistari
kana kwamba kuna mti uliowahi kuota kiwandani.
Mpini ule ulininyima usingizi.

Basi nikaanza. Mlango wa choo unaning'inia kwa bawaba moja,
Mboka ananikumbusha asubuhi, ananikumbusha jioni,
nami niko uani Nkuhungu, jiliwa limeuma chuma,
upepo wa Agosti unaleta vumbi la mtaa mzima juu ya mafuta.
Ung'avu wa dukani niliuvua kwa siki ya zabibu za Hombolo.
Siku ya tatu ukaja weusi,
weusi wa tako la sufuria ya ugali wa uwele.
Nikausugua kwa nta ya nyuki
hadi ukanyamaza.

Ukabaki mti.
Mguu wa kitanda: laini, unakula msasa kama mkate.
Kipande cha mpingo cha seremala Chilewa:
kilipasuka nilipopitisha skrubu, kwa dharau kabisa.
Ndipo macho yakapanda darini,
kwenye ilimba ya baba.

Ilipasuka kifua mwaka ule wa njaa, mchwa wameonja pembe moja,
lakini katikati, lo,
mti ulionywa jasho la dole gumba miaka arobaini.
Sikumwuliza mtu.
Msumeno nao haukuuliza.
Ndimi zake za chuma, kumi na tano, nikazitia kwenye kopo la siagi.

Ukakaa.
Ukakaa mkononi kama salamu ya mtu unayemfahamu.
Niliinyoosha kuelekea ukutani, kwenye kalenda ya ushirika,
nikajikuta nimefumba jicho moja.
Hakuna aliyewahi kunifundisha kufumba.
Nikaiweka chini haraka, nikanawa mikono,
nikanawa tena.

Jumapili dada yangu Sechelela akashuka kutoka Bahi
na mchele wake kwenye kiroba.
Hakuketi. Alitazama dari, akatazama msumari mtupu.
"Ubao wa baba uko wapi?"

Mtu wa miaka sitini na sita nikatafuta uongo,
nikakosa hata mmoja wa kunitosha.
Nikampa.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa ilimba.
Akaizungusha ile ngoma ya matundu: ka, ka, ka,
sauti sita, zote ni moja.
Akaweka dole gumba juu ya mti, mahali palipong'aa tangu zamani,
akabonyeza, akasikiliza.
"Haiitiki," akasema.

Kisha akaingia jikoni kumsaidia Mboka kuchambua mchele,
na kwa saa nzima nikawasikia wakicheka
jambo ambalo sikuambiwa.

Mlango wa choo sasa una bawaba mbili.
Bastola imekaa juu ya bili za maji zisipeperuke,
na ni nzuri, siwezi kusema uongo, ni nzuri.
Jana nilipita kwa Chilewa kuulizia mbao pana.
"Za bunduki nyingine?" akatania.
Kopo lilikuwa mfukoni.
Nililitikisa kidogo, na ndimi zile, bila mti, bila baba,
zikasema kitu.

Sijapata bado kipimo chake.