Bibi Anakimbizwa na Nani?

Huku Mkonze mtu wa umri wangu hakimbii bila sababu:
mvua imemkuta kaanika karanga,
kicheche kaingia bandani,
au simu imelia usiku ikakatika
kabla haijasema ni nani.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kwanza, saa kumi na moja na nusu,
nilipotoka getini na raba za mtumba,
nikainua goti, nikalishusha, nikainua la pili,
Mama Nyemo aliangusha kuni zake akauliza:
"Msiba wapi?"
Nikamwambia hakuna msiba.
Hakuniamini. Alijifunga khanga akanifuata.

Raba nilizinunua Sabasaba, za kiume, elfu kumi na mbili,
baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Ndani yake soli imeshika umbo la mguu wa mtu nisiyemjua,
kidole gumba chake kimechimba shimo.
Nakanyaga alipokanyaga.
Natumaini alizichoka tu, hakuzifia.

Nguzo ya kwanza ya umeme niliifikia.
Ya pili niliikumbatia.
Moyo ulipiga kama bati lililong'oka msumari
upepo wa mwezi wa saba umelikuta,
na mate yalikuwa na ladha ya sarafu.

Miaka thelathini na miwili masjala
nimepanga majalada ya watu,
sikupoteza hata moja.
La mwili wangu ndilo sikulifungua.
Alilifungua daktari kijana pale Makole:
akasoma namba ya presha, akasoma ya sukari,
kisha akanyamaza
kama nilivyokuwa nikinyamaza mimi dirishani
nikitafuta lugha nzuri ya kusema *njoo kesho*.

Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa darasa la saba.
Mchakamchaka, giza bado lina baridi,
viatu sina, wala sijui kwamba sina,
na pumzi ya kuimba ilibaki.
Nilidhani mbio mtu huziegemeza tu ukutani
kama baiskeli,
siku akizitaka anazikuta, labda upepo umepungua magurudumuni.

Na upepo wa hapa hausukumi mtu.
Ukienda unakupiga mchanga wa uso;
ukigeuka kurudi, nao umegeuka.
Nikitema, natema robo ya kiwanja cha mtu.

Wiki ya tatu nilichelewa, nikakutana na watoto wa shule.
"Bibi anakimbizwa na nani?"
Akajibu mmoja mdogo, begi limemzidi mgongo:
"Hakimbizwi. Anatembea kwa kelele."

Nilicheka mpaka pumzi ikaniishia,
nikaketi ukingoni mwa shamba la zabibu la Chilewa.
Naye, bila neno, akanikatia kishada.
Nikala nne.
Daktari nitamwambia mbili.

Goti la kushoto lina maoni yake, nalisikiliza nusu.
Vijana wa chuo hunipita wawili wawili,
wananukia sabuni, "Shikamoo mama!"
na marahaba yangu, mpaka niikusanye,
inawakuta nguzo tatu mbele.
Usiku miguu inauma maumivu mapya,
si yale ya kukaa.
Naipaka mafuta ya nazi, naiambia pole,
kitu ambacho sikuwahi kuiambia
ikinibeba kwenda na kurudi kazini.

Sijapungua. Mizani ya Makole imesogea kidogo
kwa namna ya mtu anayekupisha kwenye benchi
huku hataki kukupisha.
Lakini nguzo ni tano sasa. Nilizihesabu nikirudi pia,
nisije nikawa nimejidanganya.

Jana Mama Nyemo alikuwa getini kabla yangu,
khanga kiunoni, ndala mkononi.
"Ule msiba bado upo?"
"Upo," nikamwambia. "Umehamia nguzo ya saba."

Tukaanza.
Hatukufika.
Tulirudi taratibu jua likitupiga visogoni,
tukibishana ni nani aliyesimama kwanza.