Chini ya Pasi

Saa nane kasoro robo, usiku wa Pasua,
nilianza kuandika kabla sijashuka garini:
moshi mweusi, mzito, unatokea pembe ya kushoto;
mlango umefungwa, kufuli liko nje;
kioo cha dirisha kimelala uani, kina masizi.
Niliandika kwenye kiganja, kwa bolpeni,
kwa kuwa karatasi hulowa na kumbukumbu hudanganya,
kisha nikavaa glavu juu ya maandishi.

Husema penye moshi hapakosi moto.
Mji wenyewe unaitwa Moshi, tungekuwa tumeshateketea.
Tena methali iliishia hapo,
haikuuliza moto uliingia kwa mlango gani.

Watu walishajua. Watu hujua upesi.
"Ni Mbonea, yule kijana wa Upareni,
ndiye aliyekuwa akipiga pasi sare za shule,
ndiye aliyeacha makaa yakipumua."
Mmoja alishaokota kipande cha tofali.
Bi Aikande, mwenye cherehani tisa,
alikaa ukingoni mwa mtaro, kiatu kimoja mguuni,
akihesabu kwa vidole mashati yasiyokuwepo.

Moto ulipolegea, Temu alishika mpira
kama mtu anayeosha gari la bwana harusi.
Nikamgusa bega. Punguza.
Maji yetu yana huruma, hayana macho;
yanaokoa paa, yanaukokota ushahidi mtaroni.
Fanya manyunyu. Usikanyage hapo.
Koleo liweke chini.
Kisichofuka moshi kiache kilale kilipofia.

Bi Aikande akaja na ndoo, anataka kibubu chake.
Nilimzuia.
Kupanda ngazi katikati ya ndimi za moto ni kazi,
lakini si kama kumwambia mtu
asiguse majivu yake mwenyewe.

Nikavuta kamba toka nguzo ya umeme hadi kwenye mpapai,
nikamsimamisha Shabo pale hadi kuche:
asipite paka, asipite diwani.

Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika.
Tukaingia na mkaguzi, kwa magoti.
Picha kwanza, mkono baadaye.
Pasi ya mkaa ilikuwa mezani, imetulia,
jogoo wa kifuniko chake ameinamisha kichwa.
Meza yote ilikuwa mkaa, imepasuka magamba
kama mgongo wa mamba.
Mkaguzi akainyanyua pasi polepole.
Chini yake: ubao mzima,
rangi ya asali, umbo la pasi kamili, ncha na mkia,
hata chaki bado inasomeka: kola 14.

Pasi iliyoshitakiwa usiku kucha
ndiyo pekee iliyokinga kitu.

Moto ulitoka kwingine.
Ukutani, nyuma ya jokofu la soda,
masizi yalipanda yakitanuka kama faneli,
na pale chini, kwenye shina lake, waya wa shaba
wenye tone mwishoni, la mviringo, linang'aa,
kama chozi lililogoma kudondoka.
Waya ule ulipenya tundu kwenda kwa jirani.
Nani aliuvuta, sikuona.
Tukautia kwenye kopo jipya la bati,
tukaandika siku, saa, na mkono uliouokota;
nikasaini nilipouachia, polisi akasaini alipoupokea.

Kwenye ripoti niliandika "inaelekea".
Mkubwa wangu akauliza kwa nini nisiandike "ni".
Nikamjibu: afande, hilo "ni"
lilishashika tofali usiku ule.

Jioni Mbonea alikuja kutafuta ndala zake.
Hakunishukuru, wala sikumngojea anishukuru.
Aliuliza tu kama ubao ule utarudishwa.
Nikamwambia sasa ni kielelezo, una namba,
labda baada ya kesi, kama itakuwepo kesi.
Akatazama pale meza ilipokuwa.
"Kola kumi na nne," akasema.
"Nilikuwa nimefika ya kumi na tatu."