Sahani Tatu juu ya Gunia

Ilianza kwa harufu, pale Isyonje,
nyuma ya lori la viazi lililopanda likikohoa.
Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia juu, juu zaidi,
gari likabaki palepale kwenye ukungu
kama mtu anayeitikia "nakuja" na hainuki kitini.
Mvulana muuza njegere akaziba pua:
"Mwalimu, klachi hiyo. Imeungua."

Fundi Ambindwile wa Mafiati hakusema pole.
Alilala chini ya gari asubuhi nzima,
akatoka na ile ya zamani mkononi,
nyembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi.
Akatandika gunia, akapanga sahani tatu,
akaenda kunywa chai
ili nisikunje uso wa bei mbele yake.

Ya kwanza, ileile ya kiwandani.
Laini, mguu hauisikii.
Lakini gari hili nililinunua Tunduma, kwa kijana
aliyeifungulia turbo mpaka mwisho,
na mlima wa Lwanjilo hausamehe.

Ya pili, vipande sita vya shaba,
vinang'aa kama meno ya mgeni tajiri.
"Hii hata ukivuta tela," akasema shemeji Lusekelo,
ambaye hana gari wala tela.
Nikaifunga.
Nisifiche: niliifunga kwa sifa.

Wiki tatu.
Iling'ata au iliachia, katikati hapakuwa na kitu.
Pedali ngumu, kama kusukuma ng'ombe asiyetaka josho.
Kwenye foleni ya Kabwe goti la kushoto,
lile nililoliumiza nikicheza beki chuoni,
likaanza kunidai madeni ya zamani.

Na nyuma kuna maziwa.
Kila alfajiri nachukua Kiwira ndoo mbili,
lita ishirini ishirini, kwa Tusajigwe,
nazifikisha mgahawani Mwanjelwa kabla ya kengele ya kwanza.
Kila nikiondoa gari, gari liliruka,
mfuniko ukaruka nalo,
buti likanuka mtindi hadi wanafunzi
wakanipa jina ninalojifanya silijui.
Tusajigwe akachungulia zile ndoo, akacheka:
"Haya umeshayasuka, mwalimu. Kawadai na bei ya siagi."

Nikarudi Mafiati nachechemea.
Ambindwile alikuwa anafuta spana, hakuinua macho.
"Siku ile uliniuliza inashika kiasi gani.
Hukuniuliza inaachiaje."

Ya tatu haikuwa na cha kuringia.
Nyuzi zilizoshindiliwa, rangi ya ugoro,
springi ndogo katikati za kumeza kishindo,
na presha pleti iliyokaza kupita ya kiwandani,
lakini kwa kiasi, kama salamu ya mtu anayekuheshimu.
"Kilomita mia tano za kwanza usilikimbize.
Viache vizoeane."

Mia tano!
Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu.
Nikapitwa na bodaboda, nikapitwa na trekta la Uyole,
nikapitwa na Lusekelo kwenye gari la kuazima,
akapiga honi kama ana harusi.
Hesabu nyingine nikaifanya njiani:
Kiwira hadi Mwanjelwa, mguu wa kushoto
unashuka mara mia na sitini na tatu.
Mara mia na sitini na tatu naomba kuachiwa
na kushikwa tena, taratibu.

Leo lori la viazi likisimama ghafla Isyonje,
nasimama nyuma yake kwenye mwinuko,
nainua mguu, nasikia pale panapoanza kushika,
mahali papana, pa kutosha mtu kufikiri.
Gari linaondoka. Ndoo zinatulia.
Maziwa yanatikisika kidogo tu,
kama mtu aliyeitwa usingizini akageukia ukutani.

Siwezi kudanganya, bado ni nzito kuliko ya kwanza.
Na zipo asubuhi, barabara tupu, baridi kali,
nautamani ule mng'ato wa shaba.

Lakini haikutupwa.
Mke wangu ameiweka chini ya mlango wa jikoni
upepo wa Julai usiubamize.
Hapo inashika vizuri sana.