Salio

Waraka umeletwa na bodaboda kutoka Jiji,
mhuri wake wa buluu umechovya hadi ukurasa wa pili:
kila mtoa huduma aliyepokea fedha za dharura
aeleze, kabla ya tarehe kumi,
zimeingiaje, zimetokaje, zimebaki wapi.

Haya. Nimefunga dirisha.
Vumbi la chokaa la Pongwe halingoji karibu,
limeshakaa juu ya jedwali
kabla sijaandika tarakimu moja.

Dripu, mia mbili arobaini.
Klorini, ndoo nane. Glovu.
Mafuta ya gari la wagonjwa, safari kumi na moja za Bombo.
Hapa kalamu inakwenda kama mtu anayerudi kwao.

Kisha inakwama.

Kipindupindu kiliingia Jumatano.
Fedha ziliingia siku ya kumi na tisa.
Hapo katikati tuliishi kwa midomo yetu:
Shekalaghe wa duka la dawa alitukopesha,
deni akaliandika kwenye boksi la sigara.
Mwanamkasi, mhudumu wetu, alitoa fedha zake za upatu,
zamu aliyoingoja tangu Mfungo Sita,
akanunua sabuni na mapipa. Hakudai risiti.
Leo mimi namdai yeye risiti!
Alishika kiuno, akacheka:
"Andika zilidondoka sokoni."

Sikuandika hivyo.
Pembeni, nje ya mistari, kwa herufi ndogo,
niliandika jina lake, na la baba yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyofundishwa.
Kuhusu watu hatukuambiwa.

Nakala ibandikwe mlangoni, waraka unasema.
Gundi hakuna. Nikatumia plasta ya vidonda.

Bi Mishi alikuja mapema, hata foleni haijaanza.
Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama mzazi anayetafuta jina kwenye matokeo ya darasa la saba.
Akafika chini: salio, elfu kumi na nne na mia tatu.
Akarudi juu.

"Hii ndiyo siku fedha zilipofika?"
"Ndiyo."
"Athmani tulimzika siku ya kumi na mbili."

Hakupaza sauti.
Kona ya karatasi ilikuwa imeanza kubanduka,
akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.
Halafu akanyoosha mkono kwangu.
Nilidhani ananiaga.
Alikuwa anaomba kalamu.