Wa Saba Asipoitwa

Saa kumi na moja alfajiri, Szeged,
mto Tisza umeganda kingoni,
na Etelka anakoroga uji usioonjwa na mtu:
unga wa mahindi, chachu, molasi,
tone la siki la kufukuza ukungu.
Anaumimina chupani, chupa mia tatu,
anaziba kwa pamba moja moja.
Nzi wetu anawaita waheshimiwa.

Nilimkalisha kwenye hadubini Jumanne moja
kwa sababu aliuliza, miaka kumi na tisa,
na hakuna aliyewahi kumjibu.
Tazama, nikasema, jicho hili ni mtaa:
vijumba mia nane, safu kwa safu,
kila kijumba na wapokea-nuru wanane.
Hakuna msimamizi anayepiga kelele.
Ndani ya buu, kabla ya mbawa,
mfuo mmoja unapita juu ya ngozi changa,
polepole, kama jembe,
na nyuma yake seli zinaanza kuulizana:
wewe nani? Basi mimi nani?

Wa nane hutangulia.
(Tuliwapa namba kabla ya kujua
nani alizaliwa kwanza. Tusamehe.)
Akishasimama, huwavuta wa pili na wa tano,
kisha wa tatu na wa nne,
wa kwanza na wa sita,
na mkiani, watu wamekwisha kuketi, wa saba.
Huyu ndiye atakayeona urujuanimno,
rangi ambayo mimi na wewe
tutazikwa hatujaijua.

Wa nane amelibeba neno usoni.
Halirushi. Hulishika tu, kama mtu aliyeshika taa mlangoni.
Wa saba ana sikio,
na sikio hilo ni jeni moja
iliyosomwa herufi kwa herufi ikawa protini.
Wakigusana, habari huingia,
mkono kwa mkono, hadi kwenye kiini,
na kiini husema: haya, ona.

Chupa ya arobaini na mbili hawana sikio hilo.
Neno lipo. Jirani yupo, ubavu kwa ubavu.
Wa saba hasikii.

Tukazima taa.
Nikawaachia nzi njia panda ya kioo:
kushoto kijani,
kulia kile tunachokiita giza.
Wazima walikwenda kulia,
wakajazana kwenye giza letu kama harusini.
Wale wa arobaini na mbili wakashika kijani,
themanini na sita kati ya tisini,
bila haraka, bila aibu.
Etelka aliwahesabu mara mbili.

"Na huyo wa saba," akauliza, "alikufa?"

Hakufa. Asipoitwa hugeuka lenzi.
Hukaa juu ya wenzake, kioo kitupu,
haoni chochote,
na nuru hupita kwake kwenda kwa wengine.

Akanyamaza. Nikadhani namjua:
binti wa saba wa mshona viatu wa Makó,
shule ikamwishia akiwa na miaka kumi na miwili.
Nikafungua kinywa niseme jambo zuri.

"Usinifanye mfano," akasema.
"Mimi niliitwa. Nilisikia vizuri sana.
Nilikataa."

Husemwa nzi kufia kidondani si hasara.
Wetu hufia kwenye pombe kali,
ndani ya kopo lenye karatasi na tarehe,
nami sikuwahi kuuliza hiyo ni hasara ya nani.

Nilipokwenda kuzima mtambo
alikuwa amesimama kulia kwa njia panda,
mbele ya taa isiyoonekana,
na aproni yake ilikuwa inawaka,
samawati, kuanzia kifuani hadi magotini,
isipokuwa pale uji ulipomwagika.
Sabuni ya kufulia, nikamwambia;
si rangi yenyewe unayoiona,
ni jibu la kitambaa.

"Kumbe," akasema Etelka.
Akageuka taratibu, huku na huku,
akijitazama.
Kisha akaenda kuangalia sufuria.