Maji Yasiyo na Sauti

Yerejep alichimba mfereji kutoka Amu Darya
enzi zile, akapewa nishani
na saa ya ukutani.
Maji yalipita yakinguruma, mapana kama uwanja wa mpira,
yakaenda kunywesha pamba hadi upeo wa macho,
na bahari, kule mwisho, ikaondoka
bila kuaga.

Leo bintiye, Ayparsha, amepiga magoti
kwenye udongo uliotoka chumvi nyeupe
kama unga uliomwagika.
Mpira mweusi umelala kando ya matikiti,
na kila baada ya shubiri mbili, tundu.
Likiziba, hulizibua kwa sindano ya kushonea,
hulipuliza, hutega sikio.
Tone.
Anahesabu hadi sita.
Tone.

Kwetu twasema haba na haba hujaza kibaba.
Hapa hakuna kibaba. Haba inashuka
moja kwa moja mzizini, inaishia hapo,
na magugu, hatua moja tu pembeni,
yanakufa kwa kiu yakitazama.

Mzee amekalia ndoo iliyopinduliwa.
"Maji gani haya," anauliza, "hata hayasemi?"
Saa yake bado inatembea, nyumbani, ukutani;
huwa haizungumzii.

Binti hajibu. Anampasulia tikiti la kwanza,
dogo, zito kupita umbo lake.
Mzee anauma. Maji yanamchirizika kidevuni,
naye, upesi, kwa kiganja kile kilichoshika sururu,
anayakinga.